Kazi Yangu Ni Ubomoaji

Nikiulizwa kwenye matatu, kati ya Ruiru na Thika, ninafanya kazi gani, husema nachunguza jinsi seli inavyobomoa protini zake. Mazungumzo huishia hapo. Ningetaja kahawa ningeeleweka, kwa sababu utafiti, kwa mtu wa Ruiru, ni ile taasisi ya kahawa na mche wake wa Ruiru 11, uliotolewa mwaka 1985 ili ustahimili ugonjwa wa chulebuni ambao wakulima wetu huuita CBD. Protini nayo ni habari ya mayai, maharagwe na omena. Hujenga mwili, ndivyo tulivyofundishwa shuleni, na hakuna aliyetuambia kwamba mwili huohuo hauachi kuzivunja.

Hebu tuangalie hesabu. Mtu mzima hupata kwenye chakula labda gramu 70 au 80 za protini kwa siku. Lakini kwa siku hiyohiyo mwili wake huvunja na kutengeneza upya kati ya gramu 250 na 300. Zinazozidi zinatoka wapi? Zinatoka mwilini mwenyewe: protini kuukuu hukatwakatwa zikawa asidi amino, na asidi hizo zikashonwa tena kuwa protini nyingine. Aliyelionyesha jambo hili kwanza ni Rudolf Schoenheimer, Mjerumani aliyeihama nchi yake Wanazi walipoingia madarakani akaenda kufanya kazi New York. Miaka ya 1930 aliwalisha panya asidi amino zenye naitrojeni nzito, aina inayoweza kufuatiliwa popote iendapo. Waliodhani mwili mzima ni kama umekwisha kujengwa walitarajia naitrojeni hiyo itoke yote kwenye mkojo. Nyingi ikakutwa imo ndani ya protini za panya wale, kwenye ini, kwenye utumbo, hata kwenye misuli. Schoenheimer alifariki mwaka 1941, na kitabu chake kikatoka mwaka uliofuata.

Mimi ubomoaji niliuona kwanza kwenye vidole vya mama yangu. Alimenya mananasi kiwandani Thika kwa miaka mingi, na ncha za vidole vyake zilikuwa laini kiasi kwamba mistari yake ilikuwa imefifia. Alipokwenda kubadilisha kitambulisho, karani alimshika kidole akakibonyeza kwenye wino, akakifuta, akakibonyeza tena, mwisho akamwambia, "Mama, wewe huna alama." Nanasi lina vimeng'enya viitwavyo bromelaini, na kazi yake ni kukata protini. Ndivyo vinavyowasha ulimi ukila nanasi bichi, ndivyo vinavyolainisha nyama ikilowekwa kwenye maji yake, na ndivyo vilivyokuwa vikila ngozi ya mama.

Bromelaini haichagui. Ukiiwekea nyama itakata nyama, ukiiwekea kidole itakata kidole, na haihitaji moto wala umeme kufanya hivyo. Sasa fikiria kitu cha namna hiyo kikirandaranda ndani ya seli yenye maelfu ya aina za protini, nyingine zikihitajika kwa dakika chache tu na nyingine kwa wiki nzima. Seli ingekwisha. Mwaka 1955 Mbelgiji Christian de Duve alieleza sehemu ya jawabu: vimeng'enya vikali vimefungiwa ndani ya vifuko vidogo viitwavyo laisosomu. Alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1974. Hata hivyo vifuko havikueleza kila kitu. Tangu mwaka 1953 mtafiti Melvin Simpson alikuwa ameonyesha kwamba vipande vya ini vikinyimwa nishati, uvunjaji wa protini hupungua. Jambo hilo lilikaa vibaya vichwani mwa wanakemia. Kuvunja hakufai kugharimu chochote. Nanasi linavunja bure. Kwa nini seli ilipe?

Jibu lilitoka Haifa, Israeli, mwishoni mwa miaka ya 1970, kwa Avram Hershko na mwanafunzi wake Aaron Ciechanover, wakishirikiana na Irwin Rose wa Philadelphia. Walitumia chembe changa za damu ya sungura, ambazo huvunja protini mbovu kwa bidii ingawa hazina laisosomu. Uamuzi huo naupenda kuliko matokeo yenyewe. Walimwondoa mshukiwa mkuu kwenye chumba kabla hawajaanza kuuliza maswali. Walichokipata ni protini ndogo ya asidi amino 76 tu, yubikwitini, ambayo seli huibandika juu ya protini nyingine kabla ya kuivunja.

Wakazi wa barabara ya Thika wanaelewa habari hii kuliko wanavyodhani. Kabla ya ile barabara kuu kukamilika mwaka 2012, majengo yaliyoingia kwenye eneo lake yalipakwa alama ya X kwa rangi nyekundu. Duka lenye X linavunjwa, na la jirani lisilo na X linabaki, hata kama wameshiriki ukuta. Tingatinga halikuhitaji kujua ni la nani. Yubikwitini ndiyo X ya seli. Kimeng'enya cha kwanza, E1, huitayarisha kwa kutumia nishati. Cha pili, E2, huibeba. Cha tatu, E3, ndicho chenye orodha, kinachojua ni protini gani ibandikwe. Binadamu ana E3 zaidi ya 600, kila moja na macho yake. Ikishapakwa mnyororo wa X kadhaa, protini hupelekwa kwenye protiasomu, pipa lenye pete nne zilizopangwa moja juu ya nyingine, kila pete na vipande saba, na makali yake yote yako ndani. Mlangoni kuna kifuniko kinachoikunjua protini na kuisukuma ndani kama uzi, na hapo pia nishati hutumika. Kwa kitu kimoja tu seli imewashinda watu wa barabara: huikwangua rangi yake na kuirudisha ndooni, ikapake tena kwingine.

Kwa hiyo nishati ile ya mwaka 1953 ilikuwa malipo ya kuchagua. Hershko, Ciechanover na Rose walipewa Nobel ya Kemia mwaka 2004. Wakati huo nilikuwa mwanafunzi Juja, kwenye chuo kilichoanza kupokea wanafunzi mwaka 1981 kwa msaada wa Japani kufunza kilimo na teknolojia. Mhadhiri wetu alichora pipa lile ubaoni kwa chaki, na mimi niliyekuwa nataka kusomea ufugaji wa nyuki nikabadili nia. Miaka iliyofuata naipita haraka: shahada ya pili hapahapa, ya uzamivu Ulaya nikichunguza hamira, kisha nyumbani, kwa sababu hamira ina watu wa kutosha wa kuihangaikia.

Nilirudi kwa ajili ya gugu. Striga hermonthica ina maua ya zambarau mazuri, na mgeni hutaka kuyachuma. Wajaluo huliita kayongo. Tanzania wakulima husema kiduha. Hushika mizizi ya mahindi, mtama na wimbi, ikanyonya maji na chakula, na shamba likaonekana limeungua wakati mvua inanyesha. Busia, Siaya, Homa Bay na Vihiga wanaijua vizuri. Thika na Ruiru hawaijui kabisa, na ndiyo maana tunaifungia. Chumba cha mbegu kina milango miwili, koti la maabara halitoki humo, na kila kilichogusa mbegu hupikwa kwa mvuke wa presha kabla ya kutupwa. Mbegu yenyewe ni vumbi, urefu wake robo au theluthi ya milimita. Mmea mmoja huzaa makumi ya maelfu ya mbegu, nazo huweza kungoja ardhini zaidi ya miaka kumi.

Hungoja nini? Udogo ule hauna akiba. Mbegu ikichipua mahali pasipo na mzizi wa jirani hufa ndani ya siku chache. Kwa hiyo hungoja harufu ya mzizi, ingawa harufu si neno sahihi, kwani ni kemikali inayotiririka kwenye maji ya udongo. Ya kwanza ilitambuliwa Marekani mwaka 1966 kwenye mizizi ya pamba, na jamii nzima ya kemikali hizo sasa huitwa strigolaktoni. Kwa miaka karibu 40 hakuna aliyeweza kueleza kwa nini mmea utoe ishara inayomwita adui. Mwaka 2005 Kohki Akiyama na wenzake wa Japani wakaonyesha kwamba ishara hiyo haikukusudiwa striga. Mmea unaita kuvu wema wanaouletea fosforasi, na udongo ukiwa maskini wa fosforasi, mmea huita kwa nguvu zaidi. Striga imejifunza kusikiliza simu isiyo yake. Ndiyo sababu shamba lililochoka ndilo linaloshambuliwa zaidi. Mkulima asiye na uwezo wa kununua mbolea hulipa mara ya pili.

Ndani ya mbegu ndiko ubomoaji ulipo. Mbegu ina protini iitwayo SMAX1 inayozuia jeni za kuchipua zisifanye kazi. Juu ya hapo kuna vipokezi, ambavyo striga inavyo vingi kuliko mimea ya kawaida, na kimoja, HTL7, ni chepesi ajabu: watafiti waliokipima mwaka 2015 waliona kinaitikia strigolaktoni kwa viwango vya pikomola, yaani sehemu za trilioni. Strigolaktoni ikiingia, kipokezi hubadilika umbo na kushikana na E3 moja yenye kipande kiitwacho MAX2. Pamoja huikamata SMAX1, huipaka X, na protiasomu huimaliza. Mbegu haikupewa nguvu mpya wala chakula. Imeondolewa mlinzi tu, ikaamka.

Jambo hili limetawala fikra zangu kwa miaka yote ya kazi. Tumezoea kuuliza kiumbe kimetengeneza nini. Mara nyingi swali lenye faida ni kimeacha kulinda nini, na nani alitoa amri.

Kuliona si rahisi. SMAX1 ni kidogo mno ndani ya mbegu ndogo mno, na striga haikubali kwa urahisi kuingizwa jeni. Basi tunazungukia nyuma. Tunaichukua jeni ya SMAX1, tunaiunganisha na jeni ya kimeng'enya cha kimulimuli, yule mdudu wa usiku, na kuitia kwenye majani ya tumbaku ya maabara. Jani likinyunyiziwa dawa inayofaa hung'aa kwa mwanga hafifu ambao kamera tu ndiyo inauona. Halafu tunaweka GR24, strigolaktoni ya kutengenezwa. Mwanga unashuka. Tukiweka kwanza MG132, kemikali inayoziba protiasomu, mwanga haushuki, na hapo tunajua kwamba protini haikupotea kwa sababu nyingine. Ilivunjwa kwa njia ile. Majaribio mawili, moja lina kizuizi na lingine halina, bega kwa bega. Sehemu kubwa ya maisha yangu ya utafiti imekuwa ni kulinganisha hayo mawili.

Kinachobaki ni shughuli za kawaida za nchi yetu. Stima ikipotea, mtu wa kwanza kukimbia hafuati jenereta bali friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri, kuhakikisha hakuna anayeufungua mlango. Naitrojeni ya maji husafirishwa kwa tenki alfajiri kabla msongamano haujaanza Githurai. Kuna mara kingamwili tulizoagiza zilikaa njiani hadi barafu kavu ikaisha, na fundi wetu wa maabara, mzee asiyekata tamaa, akasema, "Daktari, tuzijaribu tu, huenda hazijui kwamba zimeharibika." Zilijua.

Wenzangu wa chama hapa Ruiru hawapendi habari za striga. Hawajawahi kuiona. Jumapili moja mwenyekiti alinikatiza: "Daktari, magugu ya Busia tumeyasikia. Sisi je?" Nikawaeleza habari ya virusi vya HPV. Katika seli zetu kuna protini iitwayo p53, inayoisimamisha seli isigawanyike jeni zake zikiharibika. Kwa kawaida seli huivunja na kuitengeneza kila mara, ikiwa na kiasi kidogo tu. HPV ya aina hatari huleta protini yake, E6, ambayo huikamata E3 ya mwenye nyumba na kuielekeza kwa p53. Mwaka 1990 maabara ya Peter Howley huko Marekani ilionyesha kwamba E6 huifanya p53 ivunjwe. Kirusi hakikuja na silaha ya kuvunja, kimeipindisha orodha. Seli inabaki bila msimamizi, na baada ya miaka saratani ya mlango wa kizazi huweza kuanza. Aina mbili tu, ya 16 na ya 18, ndizo zenye kusababisha takribani asilimia 70 ya saratani hiyo. Mwaka 2019, mwezi wa Oktoba, Kenya ilianza kuwachanja wasichana wa miaka kumi. Mjadala wa chanjo ulichukua saa nzima, chai ikapoa, na mama mmoja aliyekuja akiipinga aliondoka akiwa bado anaipinga, ila sasa alitaka kujua ni zahanati gani binti ya dada yake angechanjiwa. Sikumwuliza zaidi.

Wanaume wa chama cha jirani huvutiwa zaidi na dawa ya magugu, kwa sababu wanainunua. Nenda agroveti yoyote mjini Thika uombe 2,4-D. Ipo, inaua magugu ya majani mapana kwenye mahindi. Dunia ilianza kuitumia miaka ya 1940. Namna inavyofanya kazi haikujulikana hadi mwaka 2005, makundi mawili yalipoonyesha kwamba oksini, homoni ya ukuaji ambayo 2,4-D inaiiga, hushikana moja kwa moja na E3 iitwayo TIR1 na kuifanya iikamate protini inayozuia ukuaji. Kizuizi huvunjwa, mmea hukua bila breki, ukajipinda na kufa. Kwa miaka 60 wakulima walikuwa wakimimina amri ya ubomoaji kwenye mabomba ya kunyunyizia. Dawa hiyo hufanya kazi pia kwa striga iliyochomoza, lakini striga ikichomoza imekwisha kula mahindi chini ya ardhi.

Hapo ndipo shida ya vitendo ilipo, na kuna njia kadhaa za kuikabili. ICIPE, kituo cha utafiti wa wadudu, wana mpango wa desmodiamu, jani linalopandwa kati ya mistari ya mahindi. Zeyaur Khan na wenzake waliuanzisha Mbita, na mizizi ya desmodiamu huziamsha mbegu za striga kisha ikazizuia kushika. Huo naukubali, ingawa unahitaji mkulima mwenye mfugo wa kulishwa jani hilo. Upande wetu wa barabara, Chuo Kikuu cha Kenyatta pale Kahawa, Profesa Steven Runo ameijenga maabara ya striga inayojulikana duniani. Mwaka 2020 alipewa Tuzo ya Afrika ya Royal Society ya Uingereza. Kundi lake linahariri jeni ya mtama iitwayo LGS1. Gebisa Ejeta, Mwethiopia aliyepata Tuzo ya Chakula ya Dunia mwaka 2009, ndiye aliyezalisha mitama inayostahimili striga kwa kuchagua mbegu kwa miaka mingi, na mwaka 2017 ikajulikana kwamba siri ya baadhi yake ni kukosa LGS1. Mtama usio na jeni hiyo hutoa strigolaktoni ya aina nyingine, ambayo kipokezi cha striga hakiisikii vizuri. SMAX1 haibandikwi X, mbegu inaendelea kulala. Kenya ilitoa miongozo yake ya uhariri wa jeni mwaka 2022, kwa hiyo kazi ina njia ya kisheria.

Hofu yangu ni moja, na nimeisema kwenye mikutano. Ishara ile ndiyo inayowaita kuvu wa fosforasi. Ukiigeuza, lazima uuangalie mtama kwenye udongo maskini, si kwenye chungu cha maabara chenye mbolea. Jambo la pili: mbegu iliyolala bado ipo. Mkulima akirudi kwenye mahindi ya kawaida mwaka wa tano, zinamngoja.

Kwa hiyo mimi nimekaa upande wa kuziamsha mapema. Ukinyunyizia shambani kitu kinachofanana na strigolaktoni kabla hujapanda, mbegu zitavunja mlinzi wao, zitachipua, hazitakuta mzizi, zitakufa. Wamarekani walifanya jambo la aina hiyo. Striga ndogo, Striga asiatica, iligunduliwa Carolina mwaka 1956, na baadaye walipiga gesi ya ethilini ardhini kwa mashine zinazokokotwa na trekta. Gugu limeondolewa karibu lote. Sasa mwambie mama mwenye nusu ekari huko Alupe, Busia, akodi trekta ya gesi. Strigolaktoni za kutengenezwa nazo ni ghali na huoza haraka kwenye udongo wenye unyevu, kabla hazijafika kina ambacho mbegu zimo. Tunatafuta molekuli sahili zaidi, rahisi kuunganisha, ambazo HTL7 itazisikia lakini mahindi yenyewe hayatazijali.

Majani ya tumbaku hutuambia upesi ipi inaizima SMAX1 na ipi haina maana. Zinazofaulu huenda kwenye sahani za mbegu, ambazo kwanza hulowekwa kwenye joto la nyuzi 30 kwa wiki moja au mbili, maana striga kavu haisikii chochote. Zikifaulu hapo huenda kwenye vyungu vya udongo ulioletwa kutoka Busia kwa gunia, ndani ya kile chumba cha milango miwili. Molekuli nyingi hufia kwenye vyungu. Zilizopo sasa ni chache, na msimu wa mvua ndefu ujao tunapeleka mbili kwenye viwanja vya majaribio magharibi, mojawapo ikiwa ni ile ambayo fundi wetu hakuitegemea kabisa.